Moto Uliompasha Nyoka

Msimu ule wa baridi, aliyelala mahali penye joto kuliko sisi sote nyumbani kwetu alikuwa nyoka. Hakuwa nyoka aliyejipenyeza kutoka shambani akakosa wa kumfukuza. Alikuwa chatu mwenye sanduku lake, matandiko yake ya magunia, na mtu wa kumpelekea joto asubuhi, mchana na jioni. Mtu huyo nilikuwa mimi. Bibi yangu, mzaa baba, ambaye mahali pale palikuwa pake, alihamishiwa upande wa mlango, ambako ukungu wa msitu wa kreta uliingia kwa chini bila kubisha hodi. Na Bibi alikuwa na kikohozi.

Haya yote yalinirudia kwa pua kabla ya kichwa. Hivi karibuni mdogo wangu, aliyerithi kiwanja chetu kule juu ya Karatu, aliamua kubomoa jiko la zamani ajenge la matofali, nami nikaenda kumsaidia kupanga kilichofaa kubaki. Aling'oa ubao mmoja uliokuwa mlango wa banda la kuku, ubao mzito wenye matundu madogo yaliyochomwa kwa msumari wa moto, akautupa uani. Ulikuwa umeloa umande. Jua lilipoupiga, ukaanza kutoa mvuke, na mvuke ule ukanifikia. Gunia bichi lililopashwa moto. Samadi. Na kitu cha tatu ambacho sijakipatia jina hadi leo, kinachofanana na sarafu ya shaba iliyoshikwa muda mrefu na mkono wenye jasho. Nilitema mate pembeni kama mjamzito.

"Dada, ni ubao tu," mdogo wangu alisema akicheka. Alizaliwa baada ya mambo hayo yote kwisha.

Mdomo ulikuwa umejaa mate tena.

Baba yetu wakati ule alikuwa mbali, akiendesha trekta kwenye mashamba ya ngano ya Hanang, akija nyumbani kwa msimu. Nyumbani tulibaki Mama, Bibi na mimi, na ng'ombe wachache. Kisha akaja baba mdogo Paskali. Alikuwa amefanya kazi katika hoteli moja huko juu ukingoni mwa kreta, mahali ambapo wageni walikunywa chai huku wakitazama bonde. Kazi yake ilikuwa kumtunza chatu. Wageni walipiga naye picha, wakapiga kelele kidogo, wakacheka. Wafanyakazi walimwita yule nyoka Meneja, kwa sababu alikula, akalala, na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Halafu mpaka wa kaskazini ukafungwa. Magari ya wageni yaliyokuwa yakitokea Nairobi yakakatika, vyumba vikabaki vitupu, na baba mdogo akaambiwa arudi kwao kwa muda. Bosi wake alimwambia amchukue na nyoka wake, na siku wageni watakaporudi, warudi wote wawili. Hayo ndiyo aliyotueleza siku aliposhuka kwenye lori la viazi na sanduku kubwa la mbao, akiwa amevaa koti la hoteli lenye vifungo vya dhahabu.

"Mimi bila huyu si mtu pale," alimwambia Bibi. "Wapishi wako wengi. Wafagiaji wako wengi. Mwenye Meneja ni mimi peke yangu."

Bibi aliinama, akachungulia kwenye tundu moja la ule ubao wa juu, akarudi nyuma taratibu. Hakuonyesha hofu wala upendo. "Anatoka wapi?"

"Alikamatwa Mang'ola, mama. Kule chini kwenye joto."

"Basi hapa atakufa."

"Hafi. Akipata joto hafi."

Nyumba zetu za zamani zilijengwa kwa akili ya baridi. Jiko lilikuwa ndani, nyuma ya mafiga palikuwa na ukuta mfupi wa udongo, na nyuma ya ukuta ule walilala ndama. Kati ya mafiga na ndama ndipo palipokuwa kitanda cha Bibi. Upande mmoja alipata moto, upande wa pili alipata pumzi za wanyama, na hivyo ndivyo wazee wa kwetu walivyovuka miezi ya ukungu tangu kale. Baba mdogo alitembea ndani ya jiko lile akiwa amenyoosha mkono mbele, kama mtu anayetafuta kitu gizani, akasimama penye kitanda cha Bibi. "Hapa," alisema. Mama aliacha kukoroga uji. Bibi ndiye aliyesema, kabla ya Mama kufungua mdomo, "Kazi ya mwanangu imo ndani ya sanduku. Nisogezeni mimi."

Pamoja na nyoka alikuja na kipimajoto, kijiti cha kioo kilichofungwa kwenye kibao chembamba, chenye uzi wa maji mekundu ndani. Mke wa bosi alikuwa amekitia alama mbili kwa rangi ya kucha, moja chini, moja juu. Baba mdogo alinikalisha, akanionyesha. Nilikuwa binti pekee nyumbani, mikono yangu ilikuwa myembamba na ilipita kwenye mlango mdogo wa pembeni mwa sanduku. Hiyo ndiyo sababu kazi ilinifikia.

"Chini ya hapa, baridi inamuua," alisema. "Juu ya hapa, anaungua. Kazi yako ni hapa katikati. Na joto liwe upande mmoja tu wa sanduku. Upande wa pili uache, akizidiwa asogee mwenyewe."

"Kwa nini asiote moto mwenyewe kama sisi?"

"Nyoka hana moto wake mwilini. Anaazima."

Nililichukua neno hilo kama lilivyo. Na yale maji mekundu niliyachukua kuwa damu yake. Hakuna aliyeniambia hivyo, niliona tu kwamba inaeleweka. Damu ikishuka, nyoka anakwisha. Damu ikipanda, nyoka anafurika. Nilikuwa nikitazama kile kijiti nikidhani kwamba mahali fulani ndani ya sanduku palikuwa na mshipa uliounganishwa nacho.

Joto tulilipata kwa njia tatu, na zote zilinuka. Ya kwanza ilikuwa samadi mbichi iliyochanganywa na maganda ya maharage, iliyotandazwa chini ya sanduku. Samadi ikianza kuoza huchemka yenyewe, na ikipoa inazolewa na kuwekwa nyingine. Niliizoa kwa mikono. Ya pili ilikuwa chupa za maji ya moto zilizozibwa kwa vigunzi vya mahindi. Ya tatu, ya asubuhi zenye baridi kali, ilikuwa mawe. Niliyatia kwenye moto wa kupikia, nikayatoa kwa koleo, nikayaviringisha kwenye gunia lililoloweshwa kidogo ili lisishike moto, nikayaingiza kupitia kile kimlango. Mkono wangu ulipokuwa ndani, sikuwa nikimwona. Nilimhisi. Mara nyingine alikuwa mbali, mara nyingine kiwiko kiligusa kitu kikavu, kizito, kilichokunja ngozi yake polepole kama mtu anayejigeuza usingizini. Nilinawa kwa majivu mpaka vidole vikapasuka. Shuleni, msichana niliyekaa naye dawati moja alivuta pumzi, akanitazama, akasogea mwisho wa benchi. Kula ugali kwa mkono wa kulia kulinishinda kwa kipindi kirefu. Nilikula kwa kijiko, nikaitwa mzungu.

Na uchafu wake ulikuwa wa namna yake. Ulitoka mara chache, lakini ulipotoka ulikuwa tope la kahawia pamoja na kitu cheupe kama chaki iliyolowa, na ndani yake manyoya ya panya yaliyosokotwa vizuri kama uzi. Kuna wakati macho yake yaligeuka ya maziwa, nami nikaenda mbio kusema Meneja amekuwa kipofu kwa moshi. Baba mdogo alifurahi. "Anavua nguo," alisema. Siku iliyofuata ngozi ilikuwa imebaki kwenye pembe ya sanduku, imegeuzwa ndani nje kama soksi, bado na unyevu. Yeye aliitundika juu ya mlango. Mama aliingia na kutoka kwa kuinama.

Hapo ndipo jirani yetu alipoanza kuona. Mama Basili aliishi ng'ambo ya mfereji, mwanamke mpana mwenye sauti ya kwaya, aliyesifika kwa maboga aliyoyapanda kando ya shimo lake la samadi. Miaka ile viberiti vilikuwa adimu. Duka la kijiji lilikaa bila kiberiti, bila sabuni na bila mafuta ya taa, na moto ulitembea nyumba kwa nyumba juu ya vigae. Asubuhi Mama Basili alikuja na kigae chake, kipande cha chungu chenye ukingo mwekundu, akabeba kaa la moto la kwetu. Siku moto wake uliposalimika na wetu ukafa, Mama alikwenda kwake. Hakuna aliyehesabu. Moto ulitoka na ulirudi.

Siku hiyo aliingia akiwa anasalimia, "Saita, saita, wenye nyumba," akanikuta nikitoa jiwe mafigani.

"Jiwe la nini, binti?"

"La Meneja."

"Meneja gani?"

Nilimwonyesha kwa kidevu. Aliutazama ule ubao wenye matundu, akaitazama ile ngozi juu ya mlango, kisha akalitazama kaa alilokuwa ameshaliweka kwenye kigae. Alilirudisha mafigani kwa kidole, bila kuhisi kwamba linaunguza.

"Mama Basili, chukua moto," Mama alimwambia.

"Moto unaolala na nyoka siupeleki kwangu. Nina watoto." Alisema kwa upole, kama anayekataa chakula kwa sababu ameshiba. "Na hapa ndani sirudi mpaka atoke. Tutaonana kanisani."

Wengine walifuata. Hakuna aliyetugombeza. Waliacha tu kuja. Baba mdogo alicheka, akasema wanawake wa kijijini hawajui utalii. Lakini mimi niliyekuwa nikitazama niliona kwamba Mama alianza kuufunika moto kwa majivu kwa uangalifu mpya, kama mtu aliyebakiwa na mtungi mmoja wa maji.

Kuna jambo moja ninalisimulia kwa shida. Nilikuwa narudi kutoka shule, na mlangoni nikapokewa na harufu ya nyama ya kuchoma. Nyama kwetu ilikuwa ya Krismasi na ya msiba. Mate yalinijaa, nikaingia nikitabasamu, nikamwuliza Bibi nani amechinja. Bibi alikuwa amelala amegeukia ukuta, akasema hajui, lakini yeye pia imemwamsha. Tulitazamana, mtoto na mzee, wote tuna njaa ile ile. Kisha nikafuata harufu.

Gunia la jiwe lilikuwa limesogea. Meneja alikuwa amejilaza juu ya jiwe tupu, ametulia kabisa, na tumbo lake lilikuwa linaiva. Hakujivuta. Baba mdogo alinieleza baadaye kwamba nyoka huhisi joto likiwa zuri, ila hajui hatari ya chini yake, atakaa juu ya jiwe mpaka nyama itokote. Alipomwinua, magamba yalibaki juu ya jiwe. Palikuwa na kidonda kirefu cha waridi, kilichotoa maji, na kila siku nilikipaka mafuta ya kondoo kwa unyoya wa kuku. Jambo ninalolichukia si kidonda. Ni yale mate. Hadi leo nikipita penye nyama choma, mdomo hujaa, nami hutema pembeni.

Bibi alizidi kukohoa. Jioni moja, nikiwa nimekitoa kipimajoto ili nikisafishe, nilikaa karibu naye, nikakiweka katika kiganja chake na kukifunga vidole vyake juu. Nilitaka kuona damu yake. Uzi mwekundu ulisogea kidogo, ukasimama. Nilisubiri. Haukuifikia hata alama ya chini.

Nililitangaza tukiwa tunakula, kama nilivyozoea kutangaza hali ya sanduku. "Meneja yuko katikati. Bibi yuko chini ya alama."

Baba mdogo alicheka. "Ile si ya watu, binti."

Mama hakucheka. Aliweka bakuli lake chini. "Ya watu iko wapi, shemeji?"

"Shemeji, usianze. Wageni wakirudi tu..."

"Nimekuuliza ya watu iko wapi."

Bibi aliomba chumvi, ingawa chumvi ilikuwa mbele yake.

Kisha Meneja akapewa kuku. Nyoka alikuwa hajala kwa muda mrefu, na baba mdogo alisema mwenye kidonda hupona kwa kula. Kuku mwenyewe alikuwa wa Bibi, yule mweusi mwenye shingo tupu, aliyeacha kutaga. Bibi alimtoa. Sikutazama, nilisikia tu mbawa zikipiga mbao, kisha zikaacha. Sanduku lilikuwa na uvimbe mmoja mkubwa ndani yake, na baba mdogo alinionya kwamba sasa ndipo joto lisipungue hata kidogo, kwa sababu nyoka aliyeshiba akipatwa na baridi, chakula huoza tumboni kabla hajakimeng'enya.

Manyunyu yalianza siku hiyo hiyo. Ukungu ulishuka kutoka msituni ukakaa, kuni zikaloa mpaka zilizokuwa darini, na asubuhi ya Jumamosi Mama alifukua majivu akakuta majivu. Aligusa kwa kiganja. Alipuliza. Hapakuwa na kitu.

Baba mdogo alitoka mbio kuelekea barabara kuu kutafuta dereva mwenye kiberiti. Mimi nilipewa kigae, nikavuka mfereji. Moshi mnene, mzuri ulikuwa ukitoka kwenye paa la Mama Basili. Alisimama mlangoni, akakitazama kigae kabla ya kunitazama mimi.

"Umetumwa na nani, mwanangu?"

"Mama."

"Bibi anaendeleaje?"

"Anakohoa. Moto umekufa."

Alivuta kanga yake mabegani. Ilikuwa ya njano yenye michoro ya korosho nyeusi. "Nikikupa huu moto, nani atapashwa kwanza?"

Nilifikiri. Nilikuwa mtoto niliyefundishwa kazi yake. Nikamwambia ukweli, kwamba kwanza ni mawe, halafu uji.

Mama Basili alifumba macho kidogo. "Mwambie mama yako moto upo. Upo mwingi. Mtoeni yule, nitauleta mwenyewe kwa mikono yangu."

Nilirudi na kigae kitupu. Baba mdogo naye alirudi mikono mitupu, maji yakimtoka kwenye vifungo vya dhahabu. Nilikitazama kipimajoto, uzi ulikuwa umeshuka chini ya alama, na ulikuwa bado unashuka. Alivua koti lake, akalifunika sanduku. Alivua sweta, akalifunika. Kisha akasimama akilitazama blanketi la Bibi. Alilitazama tu. Lakini Mama alimwona akilitazama.

Mchana sanduku lilianza kutikisika. Nilichungulia, nikamwona Meneja amepanua kinywa kuliko nilivyodhani kinywa kinaweza kupanuka, na kutoka humo, kichwa kikitangulia, alikuwa akirudi kuku wa Bibi. Alikuja taratibu, mrefu kuliko alivyokuwa hai, manyoya yamegandamana kwa ute, ngozi ya shingo imekuwa ya kijani na laini kama ndizi iliyooza, jicho moja halipo. Harufu ilitusukuma Mama na mimi nje. Ndama walipiga kelele. Mama alitapika kwenye majani. Mimi nilibaki mlangoni kwa sababu Bibi hakuweza kutoka, naye aliinuka kwa kiwiko, akatazama kile kilichokuwa kinamtazama kupitia kimlango kidogo.

"Kumbe kuku wangu amerudi," alisema.

Baba mdogo alikuwa amepiga magoti, analia, akimpapasa nyoka mgongoni. "Meneja anaumwa. Mama, Meneja anaumwa."

"Ndiyo, mwanangu," Bibi alisema, kisha kikohozi kikamshika kwa muda mrefu.

Jumapili baba mdogo aliondoka mapema, kwenda kudandia gari la kupanda kretani akamwombe bosi ampokee nyoka hata kama wageni hawajaja. Mama na mimi tulikwenda kanisani. Bibi alibaki, maana hakuweza kutembea hata hatua za kufika kwenye mfereji. Kwenye kwaya, mahali pa Mama Basili palikuwa wazi, nao sauti ya pili waliikosea. Nililiona hilo. Nililiona pia kwamba Mama, ambaye siku zote misa ikiisha alinivuta mkono tuwahi nyumbani, siku hiyo alisalimia kila mtu. Alisalimia hata watu aliokuwa amegombana nao.

Tulipofika kwenye kona ya mbaazi tuliona moshi unatoka kwenye paa letu.

Ndani, Bibi alikuwa amekaa mahali pake pa zamani, kati ya mafiga na ndama, miguu ameinyoosha. Moto ulikuwa unawaka vizuri. Kando ya mafiga palikuwa na kigae chenye ukingo mwekundu. Sanduku lilikuwa limelazwa ubavu, tupu, limesuguliwa kwa majivu, na ule ubao wake umeegemezwa ukutani, kigingi kilichokuwa kikiufunga kimewekwa juu ya rafu ya vikombe. Nyoka hawezi kuweka kigingi kwenye rafu. Samadi yote ilikuwa imezolewa. Ngozi juu ya mlango haikuwepo, wala gunia moja kubwa la mahindi, wala kipimajoto.

"Yuko wapi?" niliuliza.

"Amekwenda," Bibi alisema.

"Wapi?"

"Kwenye joto. Mletee mama yako sufuria."

Baba mdogo alirudi alasiri, amechangamka, anaita tangu barabarani kwamba bosi amekubali, amlete hata kesho. Sijui kama ilikuwa kweli. Hakuna aliyewahi kujua. Alisimama mbele ya sanduku tupu, akamtazama Mama. "Shemeji, umenitupia kazi yangu."

"Nilikuwa kanisani. Uliza kijiji kizima."

Alimgeukia Bibi. Bibi alikuwa anakunywa uji, na mikono yake ilikuwa imetulia juu ya bakuli. Baba mdogo hakumwuliza. Alizunguka mashamba kwa siku kadhaa na fimbo, akipiga majani, akiita lile jina. Kisha akashuka Mang'ola kulima vitunguu, akaoa huko, akazikwa huko. Mpaka wa kaskazini ulipofunguliwa tena na magari ya wageni yakapita yakitimua vumbi, alikuwa ameshazoea joto.

Bibi alipona. Majirani walirudi na vigae vyao. Mwaka uliofuata Mama Basili alituletea boga kubwa kuliko yote aliyowahi kulima, limelala begani mwake kama mtoto. Bibi alikula. Mimi nilikula, lilikuwa tamu, la unga. Mama alisema tumbo linamsumbua, na msimu ule wote tumbo liliendelea kumsumbua kila boga lilipokuja.

Sasa nirudi kwenye jiko lililobomolewa. Mdogo wangu alipofika kwenye ukuta mfupi nyuma ya mafiga, panga lake liligonga kioo. Ndani ya ufa, ukiwa umezibwa kwa udongo wa rangi tofauti kidogo, kulikuwa na kijifurushi. Kitambaa kilikuwa kimekuwa cheusi kwa moshi, lakini ndani ya mikunjo palibaki njano, na kipande cha mchoro wa korosho. Ndani yake kilikuwemo kipimajoto, kizima, na alama zake mbili za rangi ya kucha.

Mama na Bibi wote hawapo tena. Mama Basili yupo. Nilivuka mfereji, ambao sasa ni bomba, nikamkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki juani, amevaa soksi za wajukuu. Nilimpa kile kijiti mkononi. Alikigeuza, akakinusa, na uso wake ukakunjamana vile vile kama wangu ulivyokunjamana mbele ya ule ubao.

"Bado kinanuka," alisema.

"Mama, uliapa hutaingia mle ndani."

"Moto uliwaka, haukuwaka?"

"Uliwaka."

"Basi." Alinirudishia. Uzi mwekundu ulikuwa umefika chini kidogo ya alama ya chini. "Alikuwa mzito," akasema, huku anajifuta kiganja kwenye sketi. "Mzito na baridi. Bibi yako alishika upande wa mkia. Mtu aliyeshindwa kwenda kanisani, alishika mkia!"

Nilifanya hesabu ambayo kwa miaka yote sikuwa nimeifanya. Mang'ola ni mwendo wa siku nzima kwa mwenye afya. Wao walikuwa wawili, mmoja mgonjwa, na walikuwa na muda wa misa moja.

"Mlimpeleka wapi?"

Alitazama shamba lake, upande wa lile shimo la samadi ambalo siku hizi limefunikwa na majani.

"Wewe ulikuwa unayapenda sana maboga yangu," alisema. "Ulikuwa unakula mpaka unakwangua ganda."

Kisha akamwita mjukuu wake alete chai, na nikainywa, nikiwa sijui kama nimejibiwa, au mama mzee amebadilisha tu mazungumzo.